Je, Wajua? Profesa, Mijusi na Mashine ya Upepo

Je, wajua kwamba mmoja wa wanabiolojia wanaosifika zaidi duniani kwa utafiti wa mijusi alianzia kwenye kipindi cha vichekesho cha televisheni? Jonathan Losos alikulia St. Louis, Marekani. Siku moja, akiwa bado mtoto, alitazama kipindi ambamo ndugu wawili wanaagiza mamba mchanga kwa posta na kumficha nyumbani. Naye akataka wake. Mama yake hakumkatalia waziwazi. Alisema angemwuliza kwanza rafiki wa familia, naibu mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya mji huo, huku akitumaini kwamba bwana huyo ndiye angelitia kapuni ombi lile. Bwana huyo akafurahi badala yake, akasema hata yeye alianza hivyohivyo. Basi chumba cha chini cha nyumba kikapata wapangaji wapya: kaimani, jamaa wadogo wa mamba kutoka Amerika ya Kati na Kusini.

Kijana huyo alisomea Harvard, akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1989, akafundisha Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, akarudi Harvard kama profesa mwaka 2006, na mwaka 2018 akahamia tena St. Louis. Mamba aliwaacha njiani. Maisha yake ameyatoa kwa anoli, mijusi wembamba wa mitini wanaoishi katika visiwa vya Karibi na bara la Amerika, ambao wana spishi zipatazo 400. Dume wa anoli ana ngozi kooni anayoikunjua kama feni ya mkononi, nyekundu au ya manjano au ya machungwa kutegemea spishi, akitisha wapinzani na kuita majike.

Je, wajua kwamba ukoo wa kitaaluma wa Losos, ule wa walimu na wanafunzi wao, unapitia Nairobi na Tanganyika? Aliyesimamia mkusanyo wa reptilia wa makumbusho ya Harvard tangu miaka ya 1920 hadi 1957 alikuwa Mwingereza Arthur Loveridge, aliyefika Nairobi mwaka 1914 kuhudumu katika makumbusho ya huko, akapigana katika vita vya Afrika Mashariki, kisha akawa msaidizi wa mkuu wa wanyamapori Tanganyika. Loveridge hakuwa mtu wa kukaa mezani. Alipanda milima ya Uluguru na Usambara, akakusanya vinyonga, vyura, nyoka na mijusi, na spishi nyingi za kwetu zina majina ya kisayansi aliyoyatoa yeye. Mwaka 1952 aliandika maelezo ya kwanza ya kimjusi cha msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, ambaye dume lake ni la buluu kali na huishi kwenye majani ya mkadi mwitu. Uzuri huo umemponza. Alikamatwa kwa wingi kwa ajili ya wafugaji wa Ulaya na kwingineko, hadi mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilipokubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wanaokamatwa porini.

Loveridge alipostaafu kwenda kisiwa cha St. Helena, mkusanyo uliangukia mikononi mwa Ernest Williams. Huyu ndiye aliyewageuza anoli kuwa somo. Losos alipofika Harvard kwa shahada ya kwanza alimkuta Williams hapo, na akiwa bado mwanafunzi mdogo alifanya jaribio la kuwapaka rangi ngozi ya kooni mijusi wa Jamhuri ya Dominika, ili aone kama dume humtambua mwenzake kwa rangi hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1985. Miongo miwili baadaye alirudi kufundisha katika jengo lilelile, akiwa miongoni mwa wasimamizi wa mkusanyo uleule.

Je, wajua kwamba mti mmoja wa Karibi unaweza kuwa na wapangaji wa ghorofa tofauti? Mwanafunzi wa Williams, Stanley Rand, alikwenda Puerto Rico na kuandika kwa subira kila mjusi alipomwona: urefu kutoka ardhini, unene wa kijiti, jua au kivuli. Akagundua kuwa kila spishi ina mahali pake. Mmoja huishi chini ya shina na kuruka ardhini kukamata wadudu. Mwingine huishi kwenye majani ya juu, mwingine kwenye vijiti vyembamba kabisa, mwingine nyasini chini. Mwaka 1972 Williams alitoa jina la kitaalamu kwa makundi hayo. Jambo la ajabu ni kwamba makundi yaleyale yako Kuba, Jamaika, Hispaniola na Puerto Rico, ingawa si kila kisiwa kina yote. Mjusi wa vijiti wa Kuba anafanana na mjusi wa vijiti wa Jamaika kiasi kwamba mtu angeapa ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1998 Losos na wenzake walichunguza DNA wakakuta sivyo: kila kisiwa kimewatengeneza wake upya, kutoka kwa mababu tofauti.

Kwa nini wafanane? Jibu la Losos lilianzia miguuni. Aliwakimbiza mijusi kwenye vijiti vya unene mbalimbali na kupima mwendo. Juu ya kijiti kinene mwenye miguu mirefu huchanja mbuga. Juu ya kijiti chembamba kama penseli mrefu huyo hujikwaa, hukosa pa kukanyaga, mara ananing'inia upande mmoja, huku mwenye miguu mifupi akiendelea taratibu bila wasiwasi. Kwa hiyo anayeishi shinani hulipwa kwa kuwa na miguu mirefu, na anayeishi vijitini hulipwa kwa kuwa na mifupi.

Je, wajua jinsi watafiti hawa wanavyomkamata mjusi? Kwa fimbo ya kuvulia samaki. Nchani wanafunga kitanzi cha uzi wa kusafishia meno, kisha wanakisogeza polepole hadi kichwani mwa mjusi. Mjusi anamwogopa mtu, uzi haumtishi. Wengine hata hutaka kuung'ata wakidhani ni mdudu. Kitanzi kikishapita shingoni, vuta kidogo, mjusi yuko hewani na hajaumia, kwa kuwa ni mwepesi. Usiku kazi ni rahisi zaidi: anoli hulala juu ya majani na vijiti, na mwanga wa tochi humfanya ang'ae kama karatasi nyeupe.

Je, wajua kwamba moja ya majaribio yaliyompa Losos sifa lilianza kama jaribio la kuona mijusi wakifa? Mwaka 1977 na tena 1981, Thomas Schoener, baadaye profesa wa Davis, California, aliwapeleka anoli wa kahawia kwenye visiwa vidogo vya Bahamas ambavyo havikuwa na mjusi hata mmoja. Alitaka kujua wanatoweka kwa haraka gani. Wakakataa kutoweka. Wakazaana. Losos alipofika huko na kuwapima, alikuta kwamba miguu ilikuwa imebadilika kulingana na mimea ya kila kisiwa: palipokuwa na vichaka vya vijiti vyembamba, miguu ilikuwa mifupi zaidi kuliko kule walikotoka. Ilikuwa imepita miaka 10 hadi 14 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997, na wengi waliokuwa wamefundishwa kwamba mageuko huhitaji maelfu ya miaka walilazimika kufikiri upya.

Lakini profesa alijitilia shaka mwenyewe. Je, kama miguu inafupika kwa sababu tu mtoto amekulia vijitini, bila chochote kurithiwa? Akawalea vifaranga vya mijusi maabara, baadhi kwenye mbao pana na baadhi kwenye vijiti, na kweli miguu ilikua tofauti kidogo. Wapo ambao wangeufungia uchunguzi huo kabatini. Yeye aliuchapisha mwaka 2000, na tangu hapo shaka hiyo ikawa mtihani wa kila mwanafunzi aliyemfuata: thibitisha kwamba badiliko lako limo kwenye damu.

Aliyeujibu vizuri zaidi alikuwa Yoel Stuart, mwanafunzi wake wa uzamivu Harvard. Katika wangwa mmoja wa Florida kuna visiwa vidogo vilivyotokana na udongo uliotupwa na wachimbaji wa mfereji. Wenyeji wake ni anoli wa kijani. Mwaka 1995 mwanafunzi mwingine, Todd Campbell wa Chuo Kikuu cha Tennessee, aliwaingiza anoli wa kahawia, wavamizi kutoka Kuba na Bahamas, katika baadhi ya visiwa hivyo. Kwa miezi michache tu wale wa kijani walihamia juu mitini. Stuart alipokwenda kupima mwaka 2010, nyayo zao za vidole zilikuwa pana zaidi na zenye vigamba vingi zaidi vya kunata, kwa sababu huko juu vijiti ni vyembamba na vinateleza. Vizazi kama 20 vilikuwa vimepita. Kisha alichukua majike wenye mayai kutoka visiwa vyenye wavamizi na visivyo na wavamizi, akawalea watoto wote mahali pamoja, katika mazingira yaleyale. Tofauti ilibaki. Hapo shaka ya mwalimu ikawa imepata jibu, angalau kwa nyayo.

Je, wajua kwamba yai la anoli huweza kuzama baharini na bado likaanguliwa? Mwaka 1999 kimbunga Floyd kilipita Bahamas na maji yakavifunika visiwa kadhaa vya utafiti. Mijusi wote wa visiwa vidogo zaidi walisombwa. Watafiti waliporudi wakakuta mijusi wadogo wakitambaa, bila mkubwa hata mmoja: walikuwa wameanguliwa baada ya dhoruba. Maabara ilithibitisha kwamba yai lililozamishwa kwenye maji ya chumvi kwa saa 6 bado linaweza kuanguliwa.

Vimbunga vimekuwa sehemu ya utafiti huu kwa kiasi kwamba mtu hajui kama ni adui au msaidizi. Karibu na Great Abaco, Losos, Schoener na wenzao walichagua visiwa 12. Katika 6 wakamweka mjusi mkubwa wa ardhini anayekunja mkia kama konokono, na ambaye hula anoli. Miezi 6 ya kwanza waliopona walikuwa wenye miguu mirefu, kwa sababu walikimbia. Miezi 6 iliyofuata mambo yakageuka: anoli waliobaki walikuwa wamepanda vijitini ambako mwindaji hafiki, na sasa waliopona ni wenye miguu mifupi. Uteuzi asilia ulibadilisha mwelekeo wake ndani ya mwaka mmoja. Utafiti ulichapishwa mwaka 2006, lakini jaribio lenyewe lilikuwa limekufa. Kimbunga Frances cha mwaka 2004 kilikuwa kimesomba mijusi wote.

Hapa ndipo mwanafunzi anapoona nafasi ambapo mwalimu anaona hasara. Jason Kolbe, aliyefanya uzamivu wake chini ya Losos, alikuwa na swali la muda mrefu: jozi moja tu ya wanyama ikianzisha jamii mpya kisiwani, je, athari ya wazazi hao wawili hudumu? Visiwa vilivyofagiliwa na kimbunga vilikuwa tayari, vitupu. Mwaka 2005 dume mmoja na jike mmoja waliwekwa katika kila kimoja cha visiwa 7. Jozi zote zilizaa. Katika visiwa vyote miguu ilifupika kufuata vichaka, lakini ukoo ulioanza na wazazi wenye miguu mirefu uliendelea kuwazidi wengine, mwaka baada ya mwaka. Mazingira yanavuta upande mmoja, bahati ya waanzilishi haifutiki.

Je, wajua kwamba mashine ya kupuliza majani makavu ni kifaa cha biolojia? Mwaka 2017 Colin Donihue, mtafiti aliyekuwa Harvard katika maabara ya Losos baada ya uzamivu, alikwenda visiwa vya Turks na Caicos kuwapima anoli wa huko kabla ya mradi wa kuangamiza panya kuanza. Siku chache baada ya kumaliza, kimbunga Irma kilipiga mahali palepale. Wiki mbili baadaye kikaja kingine, Maria. Kwa bahati, tena bahati yenye uchungu, alikuwa na vipimo vya kabla ya dhoruba, jambo ambalo ni nadra sana. Wiki chache baadaye wakarudi. Waliopona walikuwa na nyayo za vidole kubwa zaidi na mikono ya mbele mirefu zaidi, kama mtu angetazamia kwa anayeng'ang'ania mti. Lakini mapaja ya nyuma yalikuwa mafupi zaidi. Hilo halikutazamiwa na mtu.

Ndipo mashine ilipowashwa. Mjusi aliwekwa juu ya kijiti kilichosimamishwa, wavu ukiwa nyuma yake wa kumdaka, na upepo ukaongezwa kidogo kidogo huku kamera ikirekodi. Mjusi alizunguka upande wa nyuma wa kijiti na kukaza. Upepo ulipozidi, miguu ya nyuma ndiyo iliyoachia kwanza, ikajaa upepo kama tanga, na mwili mzima ukapepea hewani huku mikono miwili ya mbele ikiwa imeshikilia peke yake. Mwishoni ikaachia pia, mjusi akatua wavuni salama, akarudishwa mtini. Paja refu, yaani, ni tanga kubwa. Utafiti huo ulitoka mwaka 2018. Miezi 18 baada ya dhoruba walirudi tena wakakuta kizazi kipya nacho kina nyayo kubwa. Kisha wakalinganisha spishi 188 za anoli na rekodi za vimbunga vya miaka 70: mahali penye vimbunga vingi, mijusi wana nyayo kubwa zaidi.

Mwanafunzi mwingine wa Harvard, Shane Campbell-Staton, alitendewa vivyo hivyo na baridi. Alikuwa amekusanya anoli wa kijani kuanzia Texas kusini hadi Oklahoma ili aone wanavyostahimili baridi, ndipo majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014 yakaleta ubaridi wa kupindukia. Akarudi kupima. Mijusi wa kusini kabisa, ambao kwa kawaida hawajui baridi ya namna hiyo, sasa walistahimili kama wa kaskazini, na jeni zao zilisogea kuelekea huko. Wale wasioweza hawakuwepo tena kupimwa.

Je, wajua kwamba mjusi wa msitu wa tropiki anaweza kuumizwa na joto zaidi kuliko mjusi wa jangwani? Raymond Huey, mwanafunzi mwingine wa Williams, alikuwa akikamata anoli Puerto Rico na kuwapima joto la mwili kwa kipimajoto chembamba mno. Mwaka 1974 alionyesha kwamba aliye uwanjani huota jua na kujipangia joto lake, ila aliye msituni hahangaiki: madoa ya jua yako mbali, na kuyafuata kunamgharimu kuliko faida yake. Anakubali joto lililopo. Miaka 35 baadaye Huey na wenzake walionya kwamba mjusi aliyezoea kivuli hana pengine pa kukimbilia hewa ya msituni ikipanda joto.

Na je, anoli wana akili? Manuel Leal, mzaliwa wa Puerto Rico na mwanafunzi wa zamani wa Losos, aliwapa anoli 6 kibao chenye vishimo, kiwavi ndani ya kimoja na kifuniko juu yake. Wanne walijifunza kukiondoa kifuniko, ama kwa kuking'ata ukingoni ama kukisukuma kwa pua. Alipowabadilishia rangi yenye chakula, wawili waligundua mchezo na kubadilika. Wakapewa majina ya Plato na Socrates.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atauliza: na mjusi kafiri wetu? Naye ana nyayo zinazonata kwa vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho, sawasawa na anoli, ingawa si ndugu wa karibu: kila ukoo ulivibuni vyake. Huyu wa ukutani pia ni msafiri. Spishi ileile inayokula mbu karibu na taa za Afrika Mashariki sasa inaishi Karibi, Brazili na Florida, ikipanda kuta za watu usiku wakati anoli wamelala. Mchana mitini kwetu kuna vimjusi wadogo wenye tabia zinazokaribiana na za anoli, na mmoja wao, anayepatikana Tanga kwenye mapango ya Amboni, amepewa jina la Kim Howell, profesa aliyefundisha zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miongo mingi na ambaye ni mmoja wa waandishi wa kitabu cha mwongozo wa reptilia wa Afrika Mashariki.

La mwisho ni la mjukuu. Mwaka 2009, mtoni Haiti, Luke Mahler na Richard Glor, wote waliosoma chini ya Losos, walimwona anoli aliyezama akitoa povu la hewa puani na kulivuta tena ndani. Mahler alipokuwa profesa Toronto, mwanafunzi wake Christopher Boccia aliamua kulifuatilia. Akawatumbukiza kwa upole anoli wa spishi nyingi majini akahesabu muda. Wa mitoni walifanya hivyo tena na tena, povu likikwama kwenye ngozi yao isiyoshika maji, na oksijeni ndani ya povu ikipungua kadiri walivyopumua. Mmoja alikaa chini kwa dakika 18. Utafiti ulipotoka mwaka 2021 ulionyesha kuwa ujanja huo umebuniwa mara kadhaa, na spishi zisizokuwa ndugu wa karibu, katika mito ya nchi mbalimbali.